Kidevu Changu Mkononi mwa Mama

Matanga yalipoanuliwa, ndugu waliniachia kazi ya kupanga nguo za mama, maana mtoto wa kike niko peke yangu. Hazikuwa nyingi. Vitenge vichache, sweta la msimu wa baridi, na shuka moja lililotoka kwenye mashine yake mwenyewe enzi za kiwanda, ambalo limefuliwa miaka yote hiyo na bado halijalegea uzi. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ilining'inia barakoa ya kitambaa cha buluu ambayo mdogo wangu Masanja alimnunulia. Ilikuwa safi, inanukia sabuni ya mche. Nadhani aliivaa kidevuni tu. Nilipoishika nilikaa chini sakafuni, na kazi ya kupanga nguo ikaishia hapo.

Mama aliichukia barakoa kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Chuki hiyo haikuanza mwaka ule dunia nzima ilipofunika midomo. Ilianza zamani, wakati mimi na Masanja tungali watoto wa shule ya msingi.

Tulikaa Nyakato, kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na majirani wengi, karibu na kiwanda cha nguo. King'ora cha kiwanda ndicho kilikuwa saa yetu. Mama alikuwa mfumaji pale tangu kabla sijazaliwa. Alirudi kutoka shifti na vumbi la pamba kwenye nyusi na nywele, bibi kizee kabisa, halafu akanawa kwenye beseni na kuwa kijana tena mbele ya macho yetu. Masanja alipenda kumwangalia akinawa. Mimi nilipenda harufu yake kabla hajanawa, harufu ya mafuta ya mashine na pamba iliyopata joto.

Siku moja alinichukua mpaka kwenye mlango wa ukumbi wa mashine, nikachungulia. Kelele ile niliisikia kwenye meno kabla haijafika masikioni. Ndani mle hakuna aliyepoteza nguvu kupaza sauti, kwa sababu hata angepaza asingesikika. Akina mama walizungumza kwa midomo mitupu, wakiifungua sana kama watu wanaotafuna kitu cha moto, na palipokuwa na haraka walitumia mikono. Kidole juu ya kidole, uzi umekatika. Kuvuta kola ya shati, msimamizi anakuja. Ngumi iliyokunjwa usawa wa kifua, mashine imesimama. Hata adabu haikuachwa nje. Msichana aliyeingia shifti aligusa paji la uso na kupinda goti kidogo, hiyo ndiyo shikamoo, na mkubwa wake akaweka kiganja kifuani, hiyo ndiyo marahaba.

Lugha hiyo walirudi nayo nyumbani. Rafiki wa mama na mfumaji mwenzake, Mama Kulwa, alipanga chumba cha mwisho uani, na wawili hao waliweza kusimuliana habari nzima kutoka jiko hadi jiko bila kutoa sauti, mmoja anapepea mkaa, mwingine anachambua mchele. Majirani hawakupenda. Walisema hakuna binadamu anayesema kimya kitu kizuri, na kama si kusengenya ni nini. Nami niliwaamini majirani. Kila midomo ile ilipocheza na mama akacheka, nilijua ni mimi ninayechekwa.

Kwetu sisi watoto alikuwa na tabia yake. Ukitaka kumwambia kitu anakushika kidevu kwa vidole viwili, anauelekeza uso wako kwenye mwanga, na anakuangalia mdomo, si macho, mpaka umalize. Umeme ukikatika alisogeza koroboi karibu hadi tukahisi joto lake shavuni. Tuliamini anatafuta uongo. Masanja alikuwa na elimu yake kuhusu jambo hilo. Aliniambia uongo unaacha weupe kwenye midomo, kwa hiyo kabla ya kujibu swali lolote, hata kama ameulizwa tu amekula au bado, alikuwa anairamba kwanza.

Lakini kidevu hakikuniumiza. Kilichoniumiza ni asubuhi. Nilitoka chumbani na kumkuta ameinama kwenye jiko la mkaa, mgongo kwangu, nikasema, "Shikamoo mama." Hakuitika. Nilisubiri, nikarudia kwa sauti ndogo zaidi, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuaibika mara moja haongezi sauti. Kimya. Kisha Masanja anatoka na matongotongo yake, anazunguka na kumkumbatia magoti, anainua uso na kusema shikamoo yake, na mama anacheka na kuitikia marahaba ndefu. Na sisi tulivyolelewa, mkubwa anayeacha shikamoo ya mdogo ipite hewani amesema neno zito kuliko tusi.

Nilitafuta sababu. Nilikuwa nimefanana na baba, wote walisema hivyo, na baba alikuwa amevuka kwa kivuko cha Busisi kwenda machimboni na kuja kwake kulikuwa kama mvua ya kiangazi. Nikaamua hiyo ndiyo sababu. Mama akiniona anamwona yeye. Nikajifunza kupita pembeni, kutembea kimya, kusema maneno machache kutoka mlangoni au nyuma ya pazia, na kadiri nilivyojificha ndivyo alivyozidi kutonijibu. Nilijua hanipendi jinsi nilivyojua jina langu.

Wakati ule ndipo mitumba ilipojaa mjini. Ilifunguliwa marobota kwa marobota, na vitenge vya nje vikawa vinauzwa hadi vichochoroni, na watu waliokuwa wanapanga foleni kupata shuka za kiwanda chetu wakawa wanazipita bila kugeuza shingo. Wakubwa walizungumzia ubinafsishaji na kupunguzwa kazini. Mimi niliyachukulia kama maneno ya redio. Kisha mchana mmoja mama akarudi kabla ya wakati, na vumbi lake nyusini, akasimama katikati ya ua. Mama Kulwa, ambaye zamu yake ilikuwa haijafika, alitoka na kumwinulia kidevu kumwuliza kulikoni. Mama akakunja ngumi usawa wa kifua.

Nikakimbilia ndani. Nilikuwa nimekwisha kusahau kwamba ngumi ile maana yake mashine imesimama, au nilidhani ni ya mle kiwandani tu, nikaona mama anataka kumpiga rafiki yake. Nilijibanza nyuma ya mlango nikisubiri kishindo. Nilichosikia ni Mama Kulwa akilia, kilio cha msibani, na wanawake wa vyumba vingine wakitoka kuuliza nani kafa.

Asubuhi iliyofuata king'ora hakikulia. Ua mzima ulichelewa kuamka, watoto tukachelewa shule, ila mama peke yake aliamka saa ile ile kama kawaida, akawasha mkaa. Watu wakasema mwanamke huyu ana moyo wa jiwe. Hakuna aliyejiuliza kwa nini kukosekana kwa king'ora hakukumbadilishia kitu.

Nilitumaini kwamba akishinda nyumbani mambo yatakuwa mazuri kati yetu. Yakawa mabaya. Alikaa mgongo ukutani, uso kwenye mlango, na usipopita mbele yake umepita bure. Majirani walimsalimu kwa nyuma wakaachwa wakining'inia. Shangazi yetu alipotoka Sengerema kututazama alimshauri mengi wakati mama anaosha vyombo, akamaliza, hakupata hata "ndiyo, wifi." Aliondoka kuwahi kivuko cha Kamanga akiwa amevimba. Njiani hadi stendi aliniambia kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba mama yangu ameanza kujidai hata baada ya kukosa kazi. Nilimwitikia. Nilihisi nimepata mtu wa upande wangu.

Siku hizo tulikula ugali na dagaa, kisha ugali na chumvi. Mama Kulwa alikuwa ametangulia kupata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki kule ziwani, na akamwombea mama nafasi. Mikono ya mfumaji haichelewi kujifunza. Kabla ya muda mrefu mama alikuwa anapasua sangara haraka kuliko waliomtangulia. Alirudi ananuka samaki hadi kwenye kucha, amebeba mapanki, yale mabaki ya mifupa na vichwa, na Mama Kulwa akayakaanga uani tukayala kwa furaha. Nakumbuka mama akiimba siku moja. Aliimba vibaya sana, sauti imepotea njia, tukacheka, naye akatuona tunacheka akacheka pia.

Kisha wakaja wanunuzi kutoka Ulaya kukagua, na baada ya wao kuondoka kila mfanyakazi akaambiwa avae kofia, koti jeupe na kitambaa cha kufunika mdomo na pua. Siku hiyo mama alirudi, akakaa na koti lake mapajani bila kula. Mama Kulwa alikuja kukaa mbele yake na midomo yao ikacheza kwa muda mrefu. Hapakuwa na kicheko. Mama Kulwa alikuwa anajionyesha yeye mwenyewe, anaonyesha macho yake, halafu anamwonyesha mama, mara kwa mara, kama anayeahidi. Sikuelewa anaahidi nini. Siku kadhaa baadaye alihamishiwa chumba cha barafu, na mama akabaki mezani bila yeye.

Ilikuwa likizo Masanja alipopandisha homa. Alianza kuweweseka, macho yamegeuka, na jirani mmoja akanisukuma nje akisema nimfuate mama haraka, atumwe mtu, apatikane gari, chochote. Nilikimbia hadi pumzi ikaniishia. Mlinzi wa geti alikuwa mtu mwema. Alinipeleka mpaka mlango wa pembeni wenye dirisha la kioo, akamwita msimamizi, akamweleza kuna mtoto wa mfanyakazi nje, mdogo wake anaumwa sana. Msimamizi akaingia ndani. Mimi nikaegemeza uso kwenye kioo.

Niliona meza ndefu ya bati na wanawake weupe kuanzia kichwani hadi kwenye mabuti ya mpira, wote sawa, hakuna midomo. Mama nilimtambua kwa mgongo. Mgongo ule niliujua kuliko uso wake. Msimamizi alisimama kando ya mlango akamwita jina. Nilimsikia hata mimi niliyekuwa nje, kwa sababu mle ndani hamkuwa na kelele za mashine, ni maji tu na visu. Mama aliendelea kupasua samaki. Akaita tena, akasema mwanao mgonjwa, kuna mtoto amekuja. Wanawake wote wakageuka isipokuwa yeye mmoja. Msichana mmoja akacheka, kisha akaacha.

Msimamizi akaenda akamgusa bega. Mama aliruka. Akageuka, akamwona mtu mkubwa anamwambia kitu kilichokuwa kinainua na kushusha kitambaa usoni, na watu wote wanamtazama, na nikaona kwenye macho yake kitu ambacho sikuwahi kukiona pale: woga. Aliweka kisu chini. Akanyoosha mkono, ule mkono wenye damu ya samaki, akamshika msimamizi kidevu kwa vidole viwili, akamvuta kitambaa chini ya mdomo, na kumgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha.

"Sema tena," alisema.

Nitaeleza kama ilivyokuwa, hata kama haisikiki vizuri. Mdogo wangu alikuwa anaungua homa, mama yangu alikuwa anapoteza kazi mbele ya macho yangu, na mimi pale kwenye kioo nilifurahi. Alikuwa amemfanyia msimamizi vile vile anavyonifanyia mimi. Hakuwa ananiacha mimi peke yangu bila jibu, alikuwa anaiacha dunia nzima. Mashine zilikuwa zimekula masikio yake polepole kwa miaka yote ile, na yeye akawa anaishi kwa kuangalia, na ndani ya kelele ambamo hakuna asikiaye hakuna aliyejua ila Mama Kulwa, ambaye ndiye aliyemwahidi kumwonyesha akiitwa. Mama hakuwa ananichukia. Alikuwa hanisikii.

Masanja alipona. Mlinzi alitusaidia kupata gari, zahanati wakamdunga sindano, na jioni alikuwa anaomba chai. Lakini mama alikuwa amefukuzwa kazi na koti lake likabaki kiwandani. Msimamizi alisema, na siwezi kumlaumu sana, kwamba hakuna mahali duniani ambapo mfanyakazi anamshika bosi wake uso kwa mkono wa samaki. Mama hakujitetea. Angejitetea ingebidi aseme sababu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mgongo ukutani. Nilienda mbele yake, nikapiga magoti mpaka nyuso zetu zikawa usawa mmoja, nikasema bila haraka, "Shikamoo mama."

Aliangalia mdomo wangu. "Marahaba, Minza."

"Kila siku nakuamkia."

Mkono wake ukaja kwenye kidevu changu, ungali unanuka samaki. "Unaniamkia ukiwa wapi?"

"Nyuma yako."

Akafumba macho. Halafu akayafumbua haraka, kama aliyekumbuka kwamba akiyafumba hatanisikia. "Njoo mbele," alisema. "Siku zote njoo mbele. Na usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Ilikuwa siri nzito kwa umri wangu na niliibeba kwa majivuno, kama mtoto aliyekabidhiwa funguo za nyumba. Shangazi alipokuja tena nilikaa karibu na mama, na neno lililotoka nyuma nikamrudishia kwa midomo, naye akajibu, "ndiyo, wifi," kwa wakati wake. Shangazi akasema sasa wifi yake amepata akili. Mama hakupata tena kazi ya kuajiriwa. Alifungua genge la nyanya na vitunguu kwenye kona yetu, mgongo ukutani, uso kwenye wateja, na jioni mimi na Mama Kulwa tulimfundisha majina ya watoto waliozaliwa mtaani, maana majina mapya ni magumu kuyasoma mdomoni. Mwaka hadi mwaka sauti yake ilizidi kupotea njia, mpaka wageni wakadhani amelewa. Alipoona hivyo akapunguza kusema. Ilimchosha, nadhani, kuwa peke yake katikati ya watu, na hakuna siku aliyolalamika kwa mdomo au kwa mkono. Ningependa angelalamika.

Halafu ikaja ile barakoa. Nilikuwa naishi Shinyanga Masanja aliponipigia kwamba mama kalazwa, kifua kimembana. Nilipofika wodini muuguzi kijana, binti mwenye huruma, alinivuta pembeni akaniambia nijiandae, bibi amekwisha kuchanganyikiwa. Wakimwuliza jina anawatolea macho. Wakimwuliza anaumwa wapi anajaribu kuwashika usoni, imebidi mikono yake ishushwe kwenye shuka. Nikatazama wodi nzima. Hakukuwa na mdomo hata mmoja. Mama yangu alikuwa amelala tena katika kile chumba cha samaki.

"Hajachanganyikiwa," nilimwambia. "Hasikii. Anataka kuona unavyosema."

Muuguzi akaniambia pole, dada, lakini kushusha barakoa haiwezekani, na kusogea zaidi ya pale mguuni pa kitanda pia haiwezekani. Niliona kwamba angekuwa na njia angenipa.

Nikasimama mguuni pa kitanda, mbele, mahali aliponiambia nisimame siku zote. Mama alinitafuta usoni, akakuta kitambaa. Nikagusa paji la uso na kupinda goti.

Macho yake yakatulia. Mkono ukatoka polepole chini ya shuka, ukapanda, na kiganja kikakaa kifuani. Aliuacha pale, tukaangaliana, na mimi nilikuwa mtoto kando ya jiko la mkaa aliyeitikiwa. Kisha vidole vikaanza kujikunja, kimoja kimoja, kwa shida, mpaka ikawa ngumi usawa wa kifua, na akaniangalia kuhakikisha kwamba nimeiona.

Nikaweka kiganja changu kifuani.

"Anasema nini?" muuguzi aliniuliza.

"Anasema marahaba," nilimjibu.